Chupa zinazowaka tarakimu: saa ya Nixie si uchawi, wala haina zebaki nyekundu

Kuna video fupi zinazozunguka kwenye simu za watu siku hizi. Unaona kisanduku cha mbao, juu yake chupa nne ndogo za kioo zimepangwa mstari mmoja, na ndani ya kila chupa tarakimu inawaka rangi ya chungwa kama kaa la mkaa. Dakika ikitimia, tarakimu moja inazimika na nyingine inawaka, lakini si palepale ilipokuwa ile ya kwanza: inawaka nyuma yake kidogo, au mbele yake, kana kwamba tarakimu zenyewe zinapishana kwenye kichochoro.

Mimi ninayo moja niliyoiunda mwenyewe, iko kwenye kabati la televisheni sebuleni. Kila mgeni anauliza. Wengine wanadhani ni balbu, wengine wanadhani ni skrini iliyofichwa. Na wapo wanaosogea karibu, wakashusha sauti, wakauliza: humo ndani si ndiyo ile zebaki nyekundu?

Tuanze na jina. Nixie ni taa ya gesi iliyotengenezwa ili ionyeshe tarakimu. Kampuni ya Marekani iitwayo Burroughs ndiyo iliyoiingiza sokoni mwaka 1955, na Nixie lilikuwa jina lake la kibiashara. Baadaye kila taa ya aina hiyo ikaitwa Nixie hata kama imetoka kiwanda kingine, kama vile sisi tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Kwa miaka ishirini hivi ndizo zilizokuwa uso wa mashine yoyote iliyotaka kuonyesha namba: mita za maabara, mashine za kuhesabu, vifaa vya kupimia masafa. Miaka ya 1970 zikaja LED, zinazotumia umeme mdogo na gharama ndogo, na Nixie zikasahaulika. Ila katika Umoja wa Kisovyeti viwanda viliendelea kuzitengeneza mpaka karibu na kuvunjika kwa dola hiyo, na shehena zilizobaki kwenye maghala ndizo zinazotumika leo kuunda saa nyingi za nyumbani. Utazijua kwa majina yake: IN-12, IN-14, IN-18. Hiyo IN ni kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya kionyeshi cha neoni.

Ukitaka kuelewa inavyowaka, usianze na Nixie. Anza na testa.

Testa ni ile bisibisi ya fundi umeme yenye kidirisha kwenye mpini. Ukiigusisha kwenye waya wa moto na kuweka kidole kichwani pake, kuna kitu kidogo ndani kinawaka rangi ya chungwa. Kitu hicho ni kichupa chenye nyaya mbili fupi zisizogusana, na gesi kidogo ya neoni katikati yake. Hakina waya unaopata moto kama ule wa balbu ya kizamani. Gesi yenyewe ndiyo inayowaka.

Kwa kawaida gesi haipitishi umeme. Lakini volti zikiwa kubwa vya kutosha, elektroni chache zilizokuwa zinazurura humo ndani zinavutwa kwa nguvu na kuzigonga atomi za neoni. Kila atomi ikigongwa sawasawa inaachia elektroni nyingine, nayo inakwenda kugonga jirani. Ni msukumano wa mlango wa daladala saa kumi na mbili asubuhi: anaanza mmoja, mara foleni nzima imo. Atomi iliyogongwa isipopasuka hubaki na nguvu ya ziada, na inapotulia huitoa nguvu hiyo kama mwanga. Neoni hutoa rangi ya chungwa, na rangi hiyo ni tabia yake yenyewe. Hakuna mtu aliyepaka kioo.

Jambo linalofuata ndilo ufunguo wa mengine yote, na mafundi wengi walioshika testa miaka nendarudi hawajawahi kuliona. Mwanga ule haujazi chupa. Unaushika waya mmoja tu, ule wa upande hasi, na kuuzunguka kama soksi. Umeme wa ukutani hugeuza pande mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo nyaya zote mbili huwaka kwa zamu na jicho huona zote. Ukiipa taa hiyo umeme usiogeuka, kama wa betri, upande mmoja tu utawaka.

Sasa chukua huo waya wa upande hasi, uukunje uwe na umbo la 3. Mwanga utauvaa waya, nawe utaona 3 inayowaka. Tengeneza nyaya kumi za namna hiyo, kuanzia 0 mpaka 9, uzipange moja nyuma ya nyingine bila kugusana, mbele yake uweke wavu mwembamba sana wa upande chanya, ufunge vyote kwenye kioo chenye neoni ya shinikizo la chini. Hiyo ndiyo Nixie. Kila tarakimu ina mguu wake chini ya chupa. Ukiunganisha mguu wa 3 na upande hasi, 3 inawaka. Ukiuachia na kushika wa 4, inawaka 4. Zile tisa nyingine ziko palepale, giza tupu, na kwa kuwa ni nyembamba hazizuii mwanga wa iliyowaka nyuma yake.

Ndiyo maana tarakimu zinapishana kwa kina. Hazikupangwa hata kwa mfuatano wa kuhesabu. Waundaji walitafuta mpangilio ambao nyaya zitazibana kidogo iwezekanavyo. Na ukiwa na IN-12 au IN-14, itazame vizuri ile 5: ni 2 iliyopinduliwa juu chini. Umbo moja limefanya kazi mbili. Tangu nilipoligundua hilo siwezi tena kuitazama saa yangu ikifika dakika ya 25 bila kucheka.

Hapo tayari uvumi wa kwanza umeanguka. Nixie si balbu, na pia si valvu kama zile za redio za mbao za zamani, ingawa maduka mengi huziuza kwa jina hilo. Ndani ya valvu kuna ombwe, na lazima kitu kichemshwe mpaka kiive ndipo ifanye kazi. Ndani ya Nixie kuna gesi na hakuna kinachochemshwa. Iguse mgongo baada ya kuwaka usiku kucha, utakuta ina uvuguvugu tu.

Uvumi wa zebaki una ukaidi zaidi, na una historia. Mwaka 2009 huko Saudia ulienea uvumi kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu ndani ya sindano, kitu cha thamani kuliko dhahabu, na watu wakawa wanazinunua kwa maelfu ya riali. Walizipima kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano: mawasiliano yakikatika, basi “ipo.” Hadithi hiyohiyo husimuliwa kuhusu redio na televisheni za zamani, na mtu anayeishi na hadithi hiyo akiona chupa ya kioo ya enzi za Wasovyeti inayotoa mwanga mwekundu, unaweza kumlaumu?

Ukweli ni huu. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo. Haijawahi kupatikana popote, na kila aliyelipa pesa kwa ajili yake ametapeliwa. Zebaki ya kawaida, ile ya rangi ya fedha iliyokuwa kwenye vipimajoto, ndiyo ipo, na Nixie nyingi zina chembe yake. Iliongezwa kwa sababu inazuia tarakimu zisiliwe haraka na umeme, na taa zenye zebaki huishi muda mrefu zaidi kwa mbali. Ukitazama kwa makini pembeni mwa tarakimu utaona kivuli cha buluu. Hiyo ndiyo zebaki. Haiwezi kuuzwa wala haifai kuchezewa. Chupa ikivunjika fungua madirisha, okota vipande bila kuvigusa kwa mikono mitupu, usifagie vumbi lake likaruka.

Kinachotakiwa kuogopwa kwenye saa hii ni umeme.

Nixie ya kawaida inahitaji kiasi cha volti 170 ili iwake. Ikishawaka inaridhika na 140 hivi. Tofauti hiyo ya kuwasha na kuendelea kuwaka unaijua tayari kama umewahi kufunga taa ya tyubu ya dukani au ya darasani: stata huipa msukumo wa kwanza, halafu choki huizuia isile umeme kupita kiasi. Tyubu ile ni binamu wa Nixie. Gesi ikishaanza kupitisha umeme haina breki. Kadiri inavyopitisha ndivyo njia inavyozidi kufunguka, kama gari bovu mlilolisukuma kwa shida mpaka likafika mteremkoni. Mtu asipokuwa kwenye usukani mtalikuta mtoni.

Breki ya Nixie ni rezista moja, kijiti kidogo kinachobana umeme, kwenye waya wa upande chanya, na hesabu yake mtoto wa kidato cha pili ataiweza. Umeme wako ni volti 180. Taa inashikilia 140. Zinabaki 40 za kumezwa na rezista. IN-12 inataka mkondo wa miliampea 2.5 hivi, yaani ampea 0.0025. Gawanya 40 kwa 0.0025, unapata ohm 16,000. Rezista ya thamani iliyo karibu na hiyo bei yake ni ya peremende, na ukiisahau umeiua taa ambayo hakuna kiwanda cha Kisovyeti kitakachokutengenezea nyingine.

Hizo volti 180 zinatoka wapi? Hapa ndipo pana ushauri mbaya kuliko wote, nami nimeusikia kwa masikio yangu kutoka kwa watu wanaojiita mafundi: “Si ukutani pana 230? Weka dayodi, mchezo umekwisha.” Usifanye hivyo. Umeme wa ukutani ukinyooshwa kwa dayodi, yaani ukifanywa uende upande mmoja tu, na kuhifadhiwa kwenye kapasita haubaki 230, unafika volti 325. Na mbaya zaidi, saketi nzima, pamoja na kitufe utakachokibonyeza kurekebisha saa, inakuwa imeunganishwa moja kwa moja na laini ya mtaa. Siku plagi ikigeuzwa, mwanao akigusa skrubu ya kisanduku, ameshika waya wa moto.

Njia salama ni kuanza na adapta ya kawaida ya volti 12, kama ya ruta ya intaneti, kisha kupandisha. Watu wengi hushindwa kuamini kwamba 12 inaweza kuzaa 180, lakini umewahi kufunga bomba ghafla wakati maji yanakuja kwa kasi? Ule mlio wa “du!” ukutani ni maji yaliyokuwa mwendoni yakakatazwa njia, kwa nukta moja presha hupanda kupita kiasi chochote kilichokuwamo kwenye tangi. Kuna pampu za milimani, zile za hydram, zinazotumia mgongano huohuo kupandisha maji mpaka kijijini bila dizeli wala umeme: maji mengi ya chini yanatoa maji machache ya juu.

Koili ya waya hufanya hivyohivyo kwa umeme. Transista, ambayo ni swichi isiyohitaji kidole, inafungua njia, umeme unapita kwenye koili na kushika kasi. Transista inafunga ghafla. Umeme uliokuwa mwendoni hautaki kusimama, volti zinaruka juu, zinasukumwa kupitia dayodi, ambayo ni mlango wa kwenda tu usio wa kurudi, na kuingia kwenye kapasita, ambayo ndiyo tangi. Hilo linafanyika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Hakuna kilichotoka hewani: unatoa volti chache zenye mkondo mkubwa, unapata volti nyingi zenye mkondo kiduchu. Taa nne za miliampea 2.5 kwa volti 180 zinakula wati 1.8 tu. Balbu ya LED ya chooni inakula zaidi.

Ila lile tangi halijui kwamba umechomoa plagi. Jioni moja nilichomoa adapta, nikaenda kunywa chai, nikarudi kusogeza waya mmoja ambao haukuwa umeshika vizuri kwenye risasi ya kulehemu. Kapasita ilikuwa imekaa na volti zake zote ikinisubiri. Sikufa, maana ni kapasita ndogo, lakini mkono ulirudi wenyewe kwa nguvu mpaka kiwiko kikagonga kikombe. Siku ya pili niliongeza rezista moja ya kuimwaga kapasita kila umeme unapozimwa, na tangu hapo naipima kwa mita kabla ya kidole.

Sehemu iliyobaki, ya kuhesabu muda, ndiyo inayowatisha wanaoanza, na kumbe ndiyo nyepesi. Kazi hiyo inafanywa na kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uanze kuigawa kwa mbili: 16,384, kisha 8,192, kisha 4,096. Endelea na ukifika mara ya kumi na tano unabaki na 1. Mpigo mmoja kwa sekunde. Ni kwatzi ileile iliyomo kwenye saa ya mkononi ya bei rahisi. Ukinunua chipu iitwayo DS3231, inayo kwatzi yake ndani, inapima joto na kujirekebisha, na itakosea si zaidi ya kama dakika moja kwa mwaka. Kibetri cha duara kilicho pembeni kinaifanya iendelee kuhesabu hata umeme ukikatika siku mbili, na sisi tunajua kukatika.

Kati ya chipu hiyo na taa kuna programu fupi, na kati ya programu na taa kuna mtafsiri. Kwa taa za Kisovyeti mtafsiri wa kienyeji ni chipu K155ID1, yenye nyaya nne za kuingia na kumi za kutoka. Nne zinatoshaje kwa kumi? Fikiria mawe ya mizani ya sokoni, lakini yawe ya 1, 2, 4 na 8. Ukitaka 7 unaweka 4, 2 na 1. Ukitaka 9 unaweka 8 na 1. Programu inaweka mawe, mtafsiri anasoma jumla na kushika mguu wa tarakimu hiyo. Wengine huwasha taa moja moja kwa zamu upesi mno jicho lisione, ili kuokoa chipu. Mimi nilinunua chipu nne, nikalala vizuri.

Kuna ugonjwa mmoja wa Nixie ambao lazima uujue kabla ya kununua. Tarakimu inayowaka inapukutika kidogokidogo, chembe za chuma zinaruka na kutua kwenye majirani wasiowaka, kama masizi yanavyotanda kwenye chemni ya taa ya mafuta. Tarakimu iliyokaa miezi bila kuwashwa ikiitwa kazini inawaka nusu, na mabaka meusi. Dawa ni kuzizungusha zote. Saa yangu, kila usiku wa manane, inapitisha 0 mpaka 9 kwenye kila chupa kwa dakika kadhaa, na anayelala sebuleni anadhani imepandisha mashetani.

Kuhusu kununua, zipo nyingi za bandia: skrini ndogo ya rangi iliyotiwa ndani ya mrija wa kioo, au vipande vya plastiki vinavyoangazwa na LED kutoka chini. Ni nzuri kwa macho na hazina volti za hatari, kwa hiyo simcheki anayezipenda, mradi asiuziwe kwa bei ya za kweli. Kutofautisha ni rahisi. Itazame ikiwa imezimwa. Ya kweli utaona ndani yake wavu na rundo la tarakimu za waya zilizobebana. Ya bandia utaona kioo kitupu au cheusi. Na za kweli si lazima ziwe kuukuu: huko Ucheki fundi Dalibor Farný alifufua kazi hiyo miaka ya 2010 na anazitengeneza upya kwa mkono, kubwa na safi, kwa bei inayokutoa jasho. Mimi nilichukua sita za Kisovyeti ili nipate nne. Moja ilifika na ufa kwenye chuchu ya kioo, imevuta hewa, haikuwaka kabisa.

Nimeacha mwishoni jambo ambalo hakuna mwongozo wowote wa kigeni ulioniambia. Saa ya akrabu haikuwahi kumsumbua Mswahili. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, unatazama upande wa pili wa duara na kusoma saa moja. Saa ya tarakimu haina upande wa pili. Inasema 19:00 na wewe unaanza kutoa kichwani, au kama shangazi yangu, kwenye vidole.

Lakini hii niliiandikia programu mwenyewe. Mstari mmoja: chukua saa, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, onyesha baki, baki ikiwa sifuri, onyesha 12. Jua likiwa limechomoza vizuri, chupa ya makumi iko giza na ya pili yake inawaka 1. Shangazi alipokuja mara ya kwanza alivua viatu, akaitazama kabatini, akasema, “Kumbe saa tatu na robo, nimechelewa dawa,” akaenda zake jikoni kutafuta maji. Hakuuliza inafanyaje kazi. Wanaouliza ni wageni wasio Waswahili, na wawili kati yao wameshakosa basi.